Fedha za utafiti zinakuza uchumi kweli? Nauliza nikiwa na michikichi 168 shambani

Mama Mise, Mwandiga

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali, na wenye elimu ya uchumi naomba msinipite.

Nakamua mawese hapa Mwandiga, Kigoma, huu ni mwaka wa kumi na sita. Nanunua chikichi kwa wakulima, napika kwenye pipa, nakamua kwa mashine ya mkono. Mawese yanakwenda sokoni kwa madumu, mise, yaani kokwa za ndani ya chikichi, nawauzia wapika sabuni. Juzi kikundi chetu cha akiba kilipata mgeni aliyekuja kutuhamasisha juu ya zao la chikichi. Katika maneno yake akasema nchi ambazo serikali zake zinatoa fedha nyingi kwa utafiti ndizo uchumi wake unapanda, akataja Marekani na Korea Kusini. Mwenzetu mmoja akasimama: "Mwanangu anatembea kilomita saba kwenda shule na daraja limekatika. Hizo hela za utafiti si zije huku kwanza?" Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani. Sikuwa upande wake, wala upande wa mgeni.

Sababu ni hii. Mwaka 2019 alipita mtu na lori la miche, akasema ni chikichi za kisasa, Tenera, zimetoka kwa wataalamu. Nikachukua miche ya kujaza ekari tatu, pesa ya mikopo miwili ya kikundi. Imekua vizuri, inapendeza machoni. Ilipoanza kuzaa nikawa nakata tunda la kila mti kwa kisu, kwa sababu mkamuaji anajua: ganda likiwa nene, nyama ni chache na mafuta ni machache. Mti wa kwanza kisu kikagonga ganda nene kama la chikichi za bibi yangu. Wa pili ganda jembamba, kisu kikapenya. Wa tatu mkungu ulikauka na kuoza kabla ya kuiva, na matunda machache niliyopata hayakuwa na ganda kabisa, nyuzi tu kuzunguka kiini.

Mimi na binti yangu tukahesabu shamba zima mti kwa mti na daftari. Miti 168 iko hai. Ganda nene 44. Ganda jembamba 83. Ile inayoozesha mikungu, 41.

Maswali yangu ni mawili. Je, utafiti ndio unaoleta utajiri, au nchi zikishatajirika ndipo zinapata hela ya kufanya utafiti? Na kama utafiti una maana kwa mtu kama mimi, mbona naishi mkoa mmoja na kituo cha utafiti wa chikichi na bado nimeumia hivi?

Mwalimu wa Kasulu

Mama Mise, pole sana kwa hasara. Nafundisha uchumi sekondari na swali lako la kwanza ndilo linalowasumbua wachumi wenyewe, kwa hiyo usidhani umeuliza kitu chepesi.

Ukipanga nchi kwa kiasi zinachotumia kwenye utafiti, Korea Kusini iko karibu asilimia 5 ya pato la taifa, sisi tuko kwenye nusu asilimia hivi, ingawa lengo la asilimia 1 Waafrika tulijiwekea tangu Mpango wa Lagos wa 1980. Lakini orodha hiyo peke yake haithibitishi kitu. Tajiri ananunua pia magari mengi, na magari si chanzo cha utajiri wake.

Mwaka 2023 wachumi wawili walioko Marekani, Andrew Fieldhouse na Karel Mertens, walilishika tatizo hilo kwa namna niliyoipenda. Walirudi nyuma hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakapitia bajeti za utafiti za mashirika makubwa ya serikali, wakachambua mabadiliko yapi yalitokana na hali ya uchumi na yapi yalitokana na mambo mengine kabisa. Kwa mfano Warusi walirusha setilaiti Sputnik mwaka 1957, Marekani ikashtuka, fedha za utafiti zikapanda. Hapo fedha hazikuongezeka kwa sababu uchumi ulikuwa mzuri, kwa hiyo unaweza kuangalia nini kilifuata. Walichokiona ni kwamba fedha za utafiti usio wa kijeshi zilipanda leo, na tija katika biashara na viwanda ikapanda polepole, matunda yakionekana wazi baada ya miaka kama minane na kuendelea. Kwa hesabu yao, kati ya moja ya tano na robo ya ongezeko lote la tija ya sekta binafsi ya Marekani tangu vita ile linatokana na utafiti uliolipiwa na serikali. Kwa utafiti wa kijeshi hawakuona kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, utafiti unaleta utajiri, lakini kwa kuchelewa. Nami nina wasiwasi mmoja: hiyo ni Marekani, inayovumbua mwanzo. Sisi hatuko hapo, na sijui kama hesabu yao inasafiri mpaka Mwandiga.

Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi

Sisi wa ziwani utafiti tumeuonja kwa namna nyingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15, sababu tuliyoambiwa ni kwamba watafiti wamepima na samaki wanapungua. Miezi mitatu sina dagaa wala migebuka. Nilirudisha mtoto nyumbani kutoka bweni. Ni kweli mzigo wa kwanza baada ya kufunguliwa ulikuwa na dagaa wakubwa kuliko niliokuwa nimezoea, hilo siwezi kulikataa. Lakini mkisema utafiti unakuza uchumi, mseme pia unakuza uchumi wa nani na nani amelipa gharama. Aliyepima alipata mshahara wake Juni na Julai. Mimi sikupata.

Mwalimu wa Kasulu

Ndugu yangu wa Kibirizi, hoja yako nzito na siipingi. Naongeza moja tu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa letu yamepata joto, hayachanganyiki juu na chini kama zamani, chakula cha samaki kinachozalishwa kimepungua kama asilimia 20, na samaki huenda kwa asilimia 30. Kwa hiyo hata nyavu zote zikitolewa, tatizo lingine bado lipo. Bila kupima tungekuwa tunalaumiana wenyewe kwa wenyewe tu, Kibirizi na Sunuka, sisi na Warundi.

Fundi Mstaafu

Mama Mise, hesabu yako nimeisoma mara tatu, nikachukua kalamu. 168 gawanya kwa nne ni 42. Wewe una 44, 83 na 41. Robo, nusu, robo. Binti yako na daftari lake mmefanya utafiti, na jibu la shamba lako liko humo humo.

Nilikuwa fundi wa shambani kwenye utafiti wa mazao kwa miaka thelathini na mmoja, ya mwisho kwenye chikichi. Nitakueleza kwa mpangilio ninaoujua mimi.

Unene wa ganda la chikichi unaamuliwa na kitu kimoja tu cha urithi. Dura ana ganda nene, Pisifera hana ganda na mara nyingi mikungu yake inaoza bila kuiva. Ukimpandisha Dura kwa chavua ya Pisifera, watoto wote wanakuwa Tenera, ganda jembamba, nyama nyingi. Lakini ukiokota mbegu zilizodondoka chini ya Tenera, kwenye shamba la Tenera tupu, ukazipanda, watoto wanagawanyika: robo wanarudi Dura, nusu Tenera, robo Pisifera. Ndicho ulichonacho. Yule mtu wa lori hakukuuzia chikichi za kienyeji. Alikuuzia watoto wa Tenera, waliookotwa chini ya miti, bila uchavushaji wa kudhibitiwa. Huenda hata yeye hakujua.

Sasa hilo la robo, nusu, robo halikuanguka kutoka mbinguni. Liligunduliwa Yangambi, kando ya mto Kongo, na Wabelgiji wawili, Beirnaert na Vanderweyen, wakalichapisha mwaka 1941. Walikuwa kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1933. Waliichavusha miti, wakasubiri izae, wakakata matunda, wakahesabu kama mlivyohesabu nyinyi. Kabla ya hapo watu walidhani Tenera ni aina inayojitegemea, wakawa wanapanda mbegu zake na kila mara wanapata mchanganyiko usioeleweka. Yangambi ni upande wa pili wa ziwa letu, ndani ya misitu. Chikichi yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi na Kati.

Na nani alitajirika kwa ugunduzi huo? Malaysia. Mbegu zao za kwanza zilitoka kwa michikichi minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848, yote Dura. Shamba la kwanza la biashara Malaya lilipandwa 1917. Ilipofika miaka ya sitini wakabadilisha kwenda Tenera, kwa sababu walikuwa na vituo na watu wa kuipokea elimu ya Yangambi na kuifanyia kazi kwa mbegu zao wenyewe. Mwaka 1979 wakaunda taasisi ya taifa ya utafiti wa mawese. Mwaka 1981 wakaleta kutoka Cameroon kamdudu kadogo jamii ya fukusi kanakochavusha chikichi, kazi aliyoifanya Rahman Syed, na vibarua waliokuwa wakichavusha mashamba kwa mikono wakaacha. Leo mafuta yao yanashuka bandari ya Dar es Salaam, yanapanda treni, unayakuta dukani Mwandiga pembeni ya dumu lako.

Yule mdudu, aliyegharamia kumtafuta ni kampuni ya Unilever, si serikali. Nalisema kwa sababu ni haki lisemwe. Unilever ilikuwa na mashamba makubwa, faida ya mdudu ingerudi mfukoni mwake, kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kulipa. Hapa kwetu nani ana sababu hiyo? Wewe una ekari tatu. Jirani yako mbili. Hakuna mkulima wa Kigoma mwenye shamba la kutosha kumfanya alipie kazi ya miaka kumi na mitano ambayo matunda yake yatakwenda kwa kila mtu. Mwalimu, hapo ndipo ninapoona serikali inalazimika. Na wasiwasi wako wa hesabu kusafiri, jibu langu ni hilo la Malaysia: hawakugundua wao, ila walikuwa na mahali pa kupokelea.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, kwa sababu mwenzenu wa kikaoni anadhani ni kukaa maabara. Mbegu ya Tenera inatengenezwa juu ya mti. Unapanda na ngazi kwenye Dura mama, unatafuta ua jike ambalo bado limefungwa kwenye ala yake. Unasafisha miiba, unapuliza dawa kuua wadudu, unazungushia pamba kwenye shina la ua ili mdudu asipenye, unalivika mfuko na kulikaza kwa mpira. Hiyo ni wiki nzima kabla halijawa tayari. Kisha kila asubuhi unapanda kuchungulia kwenye kidirisha cha mfuko. Likifunguka lina rangi ya maziwa yaliyochacha na harufu tamu inayokupiga puani, na una siku mbili, ukibahatika tatu. Unatoboa tundu dogo, unapuliza chavua ya Pisifera iliyochanganywa na poda, unaziba tundu kwa gundi ya karatasi, unaandika kibao: mama nani, baba nani, tarehe, jina lako. Miezi mitano hadi sita ndipo mkungu unaiva. Mbegu zinakaa kwenye chumba cha joto, karibu nyuzi 40, siku arobaini au zaidi ili ziamke. Kitaluni karibu mwaka. Shambani miaka mitatu mpaka minne ndipo unaona tunda. Hapo ni kuzalisha tu. Kama unataka kuchagua wazazi walio bora zaidi, ongeza miaka kumi.

Sasa fikiria mwaka mmoja fedha hazijaja. Kama mfuko haukuvishwa wiki ile, mdudu ameshapita, na mbegu za mti ule hazina baba anayejulikana.

Hili nimeliona kwa macho yangu, kwenye kituo cha mkoa mwingine nisichokitaja, miaka ya tisini, nikiwa kwenye muhogo. Tulianza na miche elfu kadhaa ya mbegu, tukichagua inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Kila mwaka unatupa, unabakiza. Mwaka wa saba tulikuwa na aina kumi na tisa, nazikumbuka kwa mistari yake shambani. Misimu miwili ikapita fedha za uendeshaji hazikuja. Mishahara ilikuja, kidogo lakini ilikuja. Hela ya kupalilia, ya mafuta ya pikipiki, ya dawa, haikuja. Majani yakapanda, kiangazi moto ukapita. Vibao vyetu vilikuwa vya bati jembamba, namba zimechongwa kwa msumari; nilivikuta vimekunjamana kwenye majivu, namba zinasomeka, ila mti wa kuunganisha na namba haupo. Niliviokota nikavitia kwenye kopo la maziwa. Kwenye vitabu vya bajeti serikali ilikuwa imetumia fedha kwenye utafiti miaka yote tisa, na ukiigawanya mwaka kwa mwaka inaonekana si haba. Kilichopatikana ni sifuri.

Kwa hiyo swali la asilimia ngapi ya pato la taifa mimi nalisogeza pembeni kidogo. Kwanza niambieni kama zinakuja kila mwaka, na mwezi gani. Nusu asilimia isiyokatika nitaichukua kuliko asilimia moja inayokuja mwaka huu na kukosa mwaka ujao.

Mchuuzi wa Kibirizi, na kwako ni hivyo hivyo. Ule utafiti wa 2003 uliweza kusema maji yamepata joto kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeshusha kipimajoto ziwani mwaka 1913 na kuandika. Lakini suala la nani alipe miezi mitatu ya kufungwa, kipimajoto hakiwezi kulijibu. Hilo ulidai, nami nitasimama nawe.

Mkulima, Urambo

Mzee, shikamoo. Nimesoma habari ya muhogo nikaona niongeze. Kuna aina inaitwa Namikonga, ndiyo wataalamu wanaitumia kama mzazi kupigana na michirizi ya kahawia. Nilifundishwa kwenye mafunzo ya vikundi vya mbegu Tabora kwamba inatokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, waliyoanza miaka ya thelathini, miaka ile ile mtafiti Storey alipoutambua ugonjwa huo, mwaka 1936. Kazi ilifungwa miaka ya hamsini, ila wakulima waliendelea kuipanda bila kujua ilikotoka. Je, hii si inapinga kidogo hoja yako? Fedha zilikatika na bado kitu kilibaki.

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenibana vizuri. Ilibaki kwa sababu Amani walipokatwa walikuwa wameshamaliza, vipando vilikuwa vimeshawafikia wakulima. Sisi tulikatwa mwaka wa saba. Mkulima akipewa anatunza, kwa hilo sina shaka hata kidogo. Ila angetunza nini, wakati zetu kumi na tisa hazikuwahi kutoka nje ya uzio?

Mama Mise, Mwandiga

Shikamoo Mzee. Nimemsomea binti yangu jibu lako lote, tumekaa kimya muda mrefu. Alitaka kujua kwanza kama hesabu yake ilikuwa sahihi, nimemwambia watu wa Yangambi nao walipata hivyo hivyo.

Naomba jibu la mwisho. Hiyo 41 inayoozesha, niikate au niisubiri? Na hiyo 44?

Fundi Mstaafu

Marahaba mama. Hiyo 41 usiisubiri, inakula mbolea na nafasi bure. Ila usikate zote kwa siku moja. Itie alama ya chokaa, uifuatilie msimu mmoja zaidi, kwa sababu mti mchanga wa kawaida nao huweza kuozesha mikungu ya mwanzo kwa ukame. Ukiona imeozesha tena, ng'oa. Hiyo 44 iache izae, ni Dura kama za bibi yako, mafuta yake ni machache lakini yapo, na mise zake ni kubwa, wapika sabuni watakushukuru.

Mapengo utakayoyapata usijaze kwa miche ya njiani. Nenda mwenyewe Kihinga, kwenye kile kituo cha chikichi cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, wanazalisha Tenera kwa uchavushaji niliokueleza. Uliza mama na baba wa mbegu, wakuonyeshe kwenye daftari. Nenda na binti yako, na lile daftari lake alibebe, awaonyeshe zile namba tatu.

Mama Mise, Mwandiga

Tunakwenda Jumatano. Chokaa ninayo, ilibaki tulipopaka nyumba. Na yule mwenzangu wa daraja nimempigia, naye anataka kuja kuona mfuko ukivishwa.